Shingo ya Mpaka Rangi

Herufi ile ilianza kutembea.

Katembo aliiona ikibanduka mahali pake polepole, kama konokono anayehama ukuta wenye unyevu, ikasogea kushoto juu ya utepe uliozunguka kuba, ikaipita herufi jirani na kuendelea na safari. Rangi yake ilikuwa imekauka tangu jana. Hilo alilijua. Alinyoosha kidole akaigusa, kidole kikakuta chokaa baridi na herufi iko palepale ilipokuwa. Macho hayakukubali. Yaliifuata ikienda, yakarudi kwa mshtuko, yakaifuata tena, yakarudi tena, kama macho ya abiria anayetazama nguzo za umeme zikimpita dirishani.

Hakuogopa. Hilo ndilo lililokuwa la ajabu, na ndilo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alisimama juu ya mbao za jukwaa, chini kidogo ya kuba la msikiti mdogo wa Nateete, kichwa kimelala nyuma mpaka kisogo kinakaribia mgongo, brashi mkononi, akangoja. Alikwisha kujua mpangilio wake. Kwanza herufi zingetembea. Kisha kuba lote lingeanza kuzunguka, taratibu, kama sufuria kubwa linaloelea majini. Kelele za soko huko nje, vinu vya unga, wapiga debe wa stendi ya teksi, kuku waliofungwa miguu, zingesogea mbali, mbali zaidi, hadi zibaki mvumo tu, kama wa nyuki. Halafu ungekuja utamu ule ambao ndio uliokuwa ukimpandisha ngazi kila asubuhi: utamu wa kubebwa.

Alikuwa mgongoni mwa mtu. Hakumwona mtu mwenyewe, maana uso wake ulielekea juu. Lakini aliuhisi mgongo wenye joto ukipumua kifuani pake. Kitenge kilimbana kwapani. Shingo yake changa ililegea kwa usingizi, kichwa kikaning'inia nyuma, na juu yake mbingu ya Butembo, mji wa kwao Kongo, ilitikisika kufuata mwendo wa mama aliyekuwa akiteremka kilima na kikapu cha viazi kichwani. Mbingu ilitikisika, ikatulia, ikatikisika. Hapakuwa na kitu kingine duniani.

"Fundi Katembo!"

Sauti ilitoka chini sana, kana kwamba mtu aliita kutoka kisimani.

"Fundi! Hiyo herufi ya lamu umeitazama mno. Ina kasoro?"

Alikilazimisha kichwa kurudi mbele. Kuba likayumba, likasimama. Kule chini Mwalimu Shakib alikuwa ameweka kiganja juu ya mti wa mkaratusi uliobeba jukwaa, kana kwamba ni mkono wake unaolizuia lisianguke.

"Haina kasoro, Mwalimu," alisema Katembo. "Niko naipenda tu."

Shakib alicheka. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kanzu iliyofuliwa hadi ikapoteza rangi, na kazi yake ilikuwa kufundisha watoto Kurani barazani mwa msikiti huo. Babu wa babu yake alikuja Buganda na msafara kutoka pwani, akakusudia kurudi, akaoa, hakurudi. Na nyumbani kwao Kiswahili kilibaki, kimetunzwa kama vyombo vya wageni, wakati mtaa mzima unasema Kiganda. Ndiyo maana alipenda kukaa chini ya jukwaa. Alisema fundi huyu wa Kongo alikuwa na Kiswahili cha kumchekesha, kilichopita milimani na kuja kimejaa vumbi, lakini ni Kiswahili.

Katembo mwenyewe alikuwa Mkristo, wa kanisa la mabati lililopiga ngoma Jumapili nzima. Tangu vita vya kwao vilipomvusha mpaka na mkewe na watoto, alikuwa amepaka Kampala kila kinachopakika: saluni, baa, milango ya zahanati, pembe za makanisa. Wazee wa msikiti walimwita kwa sababu ya fahali aliyemchora kwenye duka la nyama sokoni, fahali ambaye watu waliapa kwamba huwafuata kwa macho mpaka wanapokata kona. Mtu anayeweza kumpa fahali macho, wazee walisema, hawezi kushindwa na kuba.

Na kuba lilikuwa limeteseka. Risasi za vita vya themanini na sita zililitoboa, na kwa miaka yote iliyofuata mvua iliingia kwa matundu hayo, ikaichubua buluu mpaka ikawa kama majivu. Katembo aliyaziba matundu, akalipiga chokaa, akalisugua kwa msasa hadi likawa laini kama ganda la yai. Sasa lilibaki kupakwa rangi kabla ya mwezi wa Ramadhani: buluu juu, na chini yake utepe wa maandishi ambao mwandishi wa zamani aliuacha na sasa umefifia. Katembo hakujua kusoma hata herufi moja ya utepe ule. Alifuata tu alama. Shakib humsomea kutoka chini.

"Wewe unaandika usichokisoma," Shakib alimwambia siku moja, "na mimi nasoma nisichoweza kuandika. Kati yetu tumepata mtu mmoja aliyesoma."

Siku hiyo ya lamu, baada ya sala ya adhuhuri, Katembo alipanda tena. Alifanya kazi muda mrefu bila kuteremsha kichwa. Kuba lilikwisha anza kuelea alipokumbuka kwamba brashi imekauka, akainama haraka kuichovya.

Dunia haikuinama pamoja naye. Ubao ulimkimbia mguuni. Sakafu ya msikiti ilipanda ukutani, madirisha yakamimina mwanga wake upande mmoja, na macho yake yakaanza kukimbia kushoto na kurudi, kushoto na kurudi, yasishike kitu. Aliukumbatia mti wa jukwaa kwa mikono yote miwili. Ndoo ya rangi ikapigwa teke, ikaanguka kimyakimya, kwa muda uliokuwa mrefu kuliko kawaida, halafu ikapasuka.

Alipoweza kutazama, sakafu ya chini ilikuwa na bahari ndogo ya buluu, na kando ya bahari hiyo Mwalimu Shakib alikuwa amesimama, kanzu imetapakaa buluu mpaka kiunoni.

"Usishuke," Shakib alisema, kwa sauti ya mtu anayemsemesha mtoto aliye juu ya ukuta. "Kaa kitako. Kaa hivyo hivyo. Kesho hupandi hapa. Kesho unakwenda kwa daktari."

Mkewe, Kahambu, alikwisha kujua kabla ya kuambiwa. Alikuwa muuza vitenge, mwanamke wa kutembeza bidhaa mlango kwa mlango, na alikuwa akimwona mumewe akiingia nyumbani kwa kushika ukuta. Kanisani wanawake wenzake walikuwa wamempa maelezo yao: mtu hapaki nyumba ya sala ya wengine akabaki mzima.  Kahambu hakuogopa nyumba ya sala ya mtu yeyote; aliogopa miti ile mirefu iliyofungwa kwa kamba.

"Papa Bene," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza na kumfungia vifungo vya shati kama mtoto anayepelekwa shule, "leo utasema kila kitu. Mi nitakuwa pale kukusikiliza."

Zahanati ilikuwa juu Makindye, karibu na kambi ya jeshi, nyumba yenye kibaraza na maua ya kopo. Aliyewapokea ni Alanyo, mtaalamu wa viungo na misuli, mwanamke wa Kiacholi mwenye mabega mapana na mikono inayonuka mafuta ya karafuu. Alikuwa binti wa askari, amezaliwa kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha kambini, kifupi, kisichopoteza wakati.

"Mzee, fuata hii kalamu. Macho tu. Kichwa hapana tembea."

Kalamu ilikwenda huku, ikaja huku. Macho ya Katembo yalikwenda nayo, ila mwisho wa safari yakajikwaa.

"Sasa lala. Mimi iko nakushika, hapana ogopa."

Alimlaza chali, kichwa kikipita ukingo wa kitanda, akakishusha nyuma polepole huku amekipakata kwa viganja viwili. Dari ya zahanati ilikuwa nyeupe, na yenye ufa mmoja. Ufa ukaanza kutembea. Alanyo aliyainamia macho yake kwa muda, akiyatazama kama mtu anayetazama samaki ndani ya maji, kisha akamwinua na kumketisha.

"Macho inacheza," alimwambia Kahambu. Akamgeukia Katembo. "Ikifika hiyo, inauma?"

"Haiumi."

"Inakuwa namna gani?"

Katembo alitazama magoti yake. Kahambu alikuwa pale, akimsikiliza, kama alivyoahidi.

"Iko muzuri," alisema mwishowe. "Kama mutu amekubeba."

Kahambu aligeuza uso akamtazama. Alanyo hakucheka. Alivuta kigoda akaketi mbele yao.

"Sikia, mzee. Shingo na macho ni ndugu. Shingo ndiyo inaambia macho kichwa iko wapi. Sasa wewe unakunja shingo nyuma asubuhi mpaka jioni. Misuli inachoka, inakaza, inaanza kudanganya. Inasema kichwa inazunguka. Macho inasadiki, inakimbia kutafuta. Sikio huku ndani inasema hapana, kichwa imesimama. Basi kichwani inakuwa kelele kama baraza ya wazee." Akaokota mpira mwembamba wa mazoezi, akaukunja katikati kwa kidole gumba. "Na iko kitu ingine. Kuna mishipa inapandisha damu nyuma ya ubongo, inapita ndani ya mifupa ya shingo. Watu wengine, ukikunja namna hii, inabanwa. Damu inapanda kidogo kidogo. Ubongo ikipunjwa kidogo, inaota. Hiyo muzuri yako ni ndoto. Ikipunjwa mingi, inazima. Ikizima na wewe iko juu ya miti, nani atakudaka?"

Katembo alipeleka mkono kisogoni.

Alanyo alisimama nyuma yake, akaanza kumkanda. Vidole vilitembea kutoka kisogoni hadi begani, vikapita mafundo, vikarudi. Mahali pamoja, chini ya shingo upande wa kulia, vilisimama.

"Hii si ya rangi," alisema taratibu. "Hii ni ya zamani. Ulikuwa hamali? Unabeba nini?"

 Nje, kambini, mtu alikuwa akipuliza tarumbeta vibaya, akijifunza.

"Alimubeba mama yake," alisema Kahambu. "Wakati wa vita. Toka kwetu, kuelekea mupaka."

"Mama alifika?"

Kahambu alitikisa kichwa.

 Alanyo aliweka kiganja chake kizima juu ya fundo lile, kikiwa na joto, akakiacha hapo.

Kabla hawajaondoka alimfundisha zoezi. Alimwambia anyooshe mkono mbele, akitazame kidole gumba chake, na ageuze kichwa huku na huku bila macho kukiacha kidole. Kila asubuhi na kila jioni, hadi shingo ijifunze upya kusema kweli. Na kichwa nyuma, hapana. Hata kidogo, hapana.

Kazi haikuachwa. Shakib ndiye aliyepata njia. Alipandisha juu ya jukwaa godoro jembamba kutoka nyumbani kwake, na mto wa sufi, akiyafunga kwa kamba na kuyavuta kutoka chini, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuogopa urefu. Mbao zilisogezwa hadi karibu kabisa na kuba. Sasa Katembo angepaka amelala chali, shingo imenyooka na kupumzika, mkono tu ukipanda na kushuka.

Njia ilifaa. Herufi zilitulia. Kuba lilikaa mahali pake, zito na bubu. Aliupaka utepe, akamaliza upande wa mashariki, akamaliza upande wa kusini, mstari ukitoka kwenye brashi umenyooka kuliko wakati wowote. Wazee walikuja, wakaridhika. Nyumbani alifanya zoezi la kidole gumba kibarazani huku watoto wa jirani wakimwigiza, na Kahambu akicheka mpaka akaketi chini. Hakushika tena ukuta akiingia ndani.

Lakini mama hakuja. Alilala pale kutwa nzima, buluu mbele ya uso wake, na buluu ikabaki rangi. Alifumba macho, akafumbua. Alijaribu kuukumbuka mgongo ule wenye joto, akaukumbuka kama mtu anavyokumbuka bei ya kitu. Sauti za soko ziliingia zote, kamili, kila moja na mwenyewe. Alijua sasa kwamba ulikuwa udanganyifu wa shingo na damu. Yule mwanamke wa Makindye alikuwa amemwonyesha kwa kipande cha mpira, na yeye alimwamini. Kumwamini hakukupunguza kitu. Alikuwa na miaka mingi hajamwona mama hata usingizini, na sasa, kwa kupona, alikuwa amefunga mlango pekee alioupata.

Alasiri moja, Shakib alipotoka kwenda kuwafungulia watoto darasa barazani, Katembo aliweka brashi kando. Alisimama juu ya mbao. Alishika mti kwa mkono mmoja, akakilaza kichwa nyuma, nyuma kabisa, kama zamani.

Haukupita muda. Shingo ilikuwa haijasahau. Herufi zilibanduka moja baada ya nyingine, kuba likalegea, likaanza kuelea, soko likazama. Akabebwa. Mbingu ilitikisika, ikatulia, ikatikisika. Alitabasamu, akajiachia zaidi.

Ndipo akausikia mgongo uliombeba ukihema.

Haukuwa mgongo wa mama. Mama alitembea kwa mwendo mrefu, wa mtu aliyezaliwa kilimani. Huu ulijikokota. Ulikuwa mpana, umelowa jasho kupitia shati, na ulipojikwaa ulitoa kilio kidogo kooni, kilio ambacho Katembo alikijua kwa sababu kilitoka kwake. Ulikuwa mgongo wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa chini, ameinama, macho barabarani, akitafuta pa kuweka mguu. Na aliyekuwa juu, ambaye shingo yake ilikuwa imelegea na uso wake umegeukia mbinguni, alikuwa mama. Katembo alikuwa akitazama kwa macho ya mama. Mikaratusi mirefu ilipita pande zote mbili, vilele vikikaribiana, na katikati ya vilele palikuwa na mbingu ambayo yeye, siku ile, hakuinua kichwa kuitazama hata mara moja. Ilikuwa imetoka kunyeshewa. Ilikuwa pana. Hapakuwa na milio ya bunduki ndani yake.

 Katembo aliteleza na mti hadi akaketi kwenye godoro, mguu mmoja ukining'inia nje ya mbao, na kandambili ikaanguka chini.

"Katembo!"

Alisikia ngazi ikilia. Ikalia tena, karibu zaidi, na pamoja nayo sauti ya mtu akisoma dua harakaharaka. Kilemba cha Shakib kilitokeza ukingoni, kisha uso wake, wenye jasho, macho yamefungwa. Alipanda kwa kupapasa, akatambaa hadi godoroni, akaukamata mkono wa fundi kwa nguvu kama mtu anayeokolewa yeye.

"Uliahidi," alisema, bado hajafumbua macho. "Ulimwahidi mkeo."

"Ndiyo, niliahidi, njo vile."

"Basi ni nini?"

Katembo alingoja buluu itulie. Kisha akasema. Hakuwa amewahi kulisema, na lilitoka bila mpangilio.

"Mama alikuwa ananisemesha njiani. Kahambu na watoto walikuwa mbele. Mama alikuwa anataja vilima, sasa tuko kwa fulani, sasa tuko kwa fulani. Kisha akanyamaza. Kisha kichwa chake kikalala hapa, kikawa kizito. Halafu kikaanguka nyuma. Shingo haikukishika tena. Nikajua, Mwalimu. Pale pale nikajua. Na mi nikaendelea kutembea. Nilitembea mpaka jua likaanguka, kwa sababu nikimutua, njo itakuwa kweli."

Shakib alifumbua macho. Hakutazama chini. Alijilaza polepole kwenye godoro, kwa sababu kulala kulikuwa salama kuliko kukaa, na sasa wote wawili walikuwa chali, bega kwa bega, chini ya kuba.

"Mlimzika?"

"Kando ya barabara. Kwa shamba la migomba la watu hatuwajui. Walituazima jembe."

"Mungu amrehemu," alisema Shakib. Kisha akauliza, "Na mbingu siku ile ilikuwaje?"

Lilikuwa swali la ajabu, na huenda Shakib mwenyewe hakujua kwa nini aliliuliza. Labda ni kwa sababu mbele ya macho yao hapakuwa na kitu kingine.

"Miaka yote nilikuwa nasema sijui," alijibu Katembo. "Niliangalia barabara. Lakini leo niko nimeiona."

Akainua mkono, akaigusa buluu aliyokwisha ipaka pale kileleni mwa kuba. "Hii si yenyewe. Hii ni ya dukani."

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Fundi ndiye aliyetangulia, akiushika mguu wa Mwalimu na kuuweka kwenye kila kipago cha ngazi, huku Mwalimu akisoma kila dua aliyowafundisha watoto.

Kesho yake Katembo alichanganya rangi yeye mwenyewe. Alikaa barazani na makopo, akamimina buluu, akaongeza nyeupe, akaitazama, akaitupa. Aliongeza majivu ya mkaa yaliyochekechwa kwa kitambaa. Aliongeza kijani kidogo sana, kile kinachobaki angani mvua ikikatika juu ya majani. Watoto wa Kurani waliacha mbao zao wakamzunguka. Alipaka kipande kwenye ubao mkuukuu, akakiacha kikauke, akakipeleka juani, akakipeleka kivulini, akarudi akaanza upya. Mzee mmoja wa kamati alisema buluu iliyokuwepo ilitosha, na Ramadhani haingojei mtu. Shakib alimshika mzee yule mkono, akatembea naye hadi langoni, wakazungumza huko. Mzee hakurudi na neno.

Halafu fundi akapanda, akalala chali, mto chini ya shingo, na kukipaka upya kilele chote cha kuba. Alipaka bila haraka, kwa mipigo mirefu, akiacha nyeupe ya chokaa ipumue hapa na pale chini ya rangi. Hakuona mtu. Hakubebwa. Mkono ulichoka, akaupumzisha kifuani, akaendelea. Kahambu alikuja siku ya mwisho, akavua viatu, akajifunika kichwa kwa kitenge kimoja cha biashara yake, akasimama mlangoni akimtazama mumewe aliyelala hewani kama mtu aliyesinzia juu ya maji. Alikuwa amekuja na chakula. Alikisahau mkononi.

"Papa Bene," aliita kwa upole, "ni Kirumba hii? Ni ile njia ya Kirumba ya kukimbia vita?"

Juu, mkono ulisimama. Kahambu ndiye aliyekuwa ametangulia siku ile, na mtoto mgongoni, kichwa wima, aliiona mbingu.

"Njo hiyo," alijibu Katembo.

Jukwaa lilibomolewa. Ijumaa ya kwanza watu waliingia, na fundi, ambaye hiyo haikuwa sala yake, alibaki nje kwenye ngazi pamoja na viatu vyao. Alisikia nyayo zikijaa ndani. Alisikia mazungumzo yakikatika, kuanzia mbele kuja nyuma. Kisha hakusikia kitu kwa muda, mpaka mtu mmoja alipokohoa na Mwalimu Shakib akaanza kuadhini.

Katembo alijitwisha begi lake begani akateremka kuelekea bondeni, kupita mabanda ya mbao, hadi kwenye kijito kinachobeba taka za soko. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Juu ya paa la kibanda cha mkaa alisimama mmoja wa wale korongo wakubwa wenye upara ambao mji mzima huwaita kaloli, shingo ameidumbukiza mabegani, mzee na mwenye mawazo yake. Katembo alisimama. Ndege aliifungua shingo ile, ndefu, ya waridi, isiyo na manyoya, akaitikisa, akapiga bawa moja zito, kisha la pili, akaondoka. Katembo alimfuata kwa macho tu, juu ya mabati, juu ya nyaya, kuelekea ziwani, hadi macho yalipofika ukingoni na yasiweze kwenda zaidi. Hapo, taratibu, bila maumivu, shingo ikaanza kugeuka, na mbingu ikabaki mahali pake.